Bamba la Bethabara

Dwain Kessler alikanyaga mafuta akijua yule mama atampisha. Arvilla Stott hakumpisha. Pikapu mbili ziligongana pua kwa pua kwenye njia pekee ya kutokea korongoni, na vumbi lilipotua, rejeta zote mbili zilikuwa zinamwaga maji mchangani.

“Umetuua, we mama!” Dwain alifoka huku ameshika goti.

“Rudisha bamba langu.”

Bamba lilikuwa nyuma kwenye pikapu ya Dwain, shaba tupu, zito kama mtoto wa miaka minne. Alikuwa amelibandua kwa mtaimbo kwenye jiwe la ukumbusho wa Bethabara, kijiji cha walowezi wa Kimormoni kilichohamwa miaka mia iliyopita katika jangwa la kusini mwa Utah. Alikusudia kuliuza kama chuma chakavu. Arvilla, mwanamke wa miaka hamsini na minane ambaye hakuwahi kuolewa, alikuwa amelitunza jiwe hilo miaka ishirini na miwili. Alikuja kulisafisha, akamfumania.

Ilikuwa Alhamisi ya Julai, na barabara ya lami ilikuwa kilomita hamsini na nane kutoka hapo. Maji yalikuwa galoni moja, ya Arvilla.

Dwain alijiburuta hadi kwenye kidimbwi cha kijani chini ya rejeta, akachota kwa kiganja. Arvilla alimpiga kofi mkononi, maji yakamwagika.

“Hayo yana dawa ya rejeta, ni sumu. Kunywa, ufe ukitapika. Mimi sitakuzika.”

“Nani atakuja kututafuta?”

“Mimi napiga kinanda kanisani Jumapili. Watanikosa. Wewe je?”

Dwain alijiburuta kurudi kwenye kivuli cha gari lake.

Walishinda wamelala chini ya magari, kila mtu chini ya lake. Joto lilipanda hadi bodi zikawa haziguswi. Arvilla alimpimia maji kwa kifuniko cha chupa ya chai, na kila mara alihesabu kwa sauti ili asimdai zaidi. Jua lilipoteremka, Dwain aliinyakua galoni na kuanza kuchechemea kuelekea lami. Alifika hatua mia tatu. Goti lilikuwa limevimba kama boga. Alirudi akitambaa, na katika kutambaa galoni ilikuwa imegonga jiwe, ikapasuka. Yalibaki mafunda machache kwenye kona ya chini.

Arvilla aliyatazama. Hakupiga kelele. Alimpa funda moja, akanywa moja, na hilo lilimtisha Dwain kuliko matusi.

Ijumaa kulipopambazuka ndimi zao zilikuwa zimenata kwenye kaakaa. Arvilla alisimama, akashika mlango wa gari mpaka kizunguzungu kikapita.

“Lete mtaimbo wako.”

“Wa nini?”

“Kuna chemchemi juu ya korongo.”

Dwain alicheka, midomo ikachanika, damu ikatoka. “Nimelisoma bamba lako, Dada Stott. ‘Walihama kwa amani chemchemi ilipokauka.’”

“Maneno hayo niliandika mimi.” Alimeza mate ambayo hayakuwepo. “Haikukauka. Baba wa babu yangu aliiziba kwa mawe ili akina Ahlstrom wasipate maji ya mashamba. Wakafukuzana hadi kijiji kikabaki kitupu. Watoto wawili wa Ahlstrom walikufa kwa kiu njiani. Mama wa babu yangu aliandika yote kwenye daftari lake. Ninalo nyumbani, kabatini.”

Dwain alipangusa damu midomoni. “Na mwizi ni mimi.”

“Mwizi ni wewe vilevile. Inuka.”

Kilomita moja iliwachukua saa mbili. Chini ya jabali jekundu walikuta rundo la mawe lililomezwa na udongo na miiba. Dwain alikaa chini, mguu mmoja umenyooka, akatia mtaimbo, akabinua. Arvilla aliyavuta mawe kwa mikono. Kucha mbili zilimng’oka. Hawakusemezana isipokuwa “Hapo” na “Sogea” na, mara moja, Dwain alipotupa mtaimbo na kulala chali, “Inuka, mbwa we, sijamaliza kukuchukia.”

Aliinuka.

Mchana, mtaimbo ulizama ghafla hadi mkononi. Ulipotoka ulikuwa na tope. Arvilla alilikusanya kwenye kitambaa chake cha kichwa, akalikamua juu ya mdomo wa Dwain, kisha juu ya wake. Lilikuwa na ladha ya chuma na majani yaliyooza. Walikamua hadi jioni. Jumamosi shimo lilijaa maji ya kutosha kikombe, na Dwain, akiwa ameuchovya uso wake humo, alilia bila kujificha.

Wanaume wa kanisa walifika Jumapili alasiri pamoja na askari wa wilaya. Walikuwa wanne, watatu kati yao wa ukoo wa Stott.

“Huyu ndiye mwizi?” askari aliuliza.

“Ndiye,” Arvilla alisema. “Mfunge pingu, lakini mguu wake uangaliwe kwanza.”

Binamu yake Orval alilipangusa bamba kwa mkono wa shati. “Tutalirudisha mahali pake, Dada Arvilla. Usijali.”

“Liache garini.”

Walimkalisha Arvilla kiti cha mbele, kati ya Orval na dereva, na Dwain nyuma na askari. Injini ilipowaka Dwain alisogeza kichwa karibu na sikio lake.

“Utawaambia?”

Arvilla alitazama vichwa vitatu vya ukoo wake, vimenyolewa vizuri kwa ajili ya ibada.

“Njiani,” alisema. “Ni kilomita hamsini na nane. Hawana pa kushukia.”