Sufuria ya Pili

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kuvua viatu, Waziri alichungulia ndoo ya mkaa nyuma ya mlango. Jina hilo alipachikwa na baba yake, fundi mwashi, kwa sababu binti huyo wa miaka kumi na miwili akitumwa dukani hurudisha chenji yote, hata ikiwa sarafu moja. "Huyu ndiye Waziri wetu wa Fedha," baba alizoea kuwaambia wageni.

Sasa wageni walikuwa wamepungua. Baba alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, mguu wa kulia ukatiwa plasta, kazi ikasimama. Mkaa waliokuwa wakinunua kwa gunia sasa walinunua kwa kopo, na mwenye kununua kwa kopo, siku akija kupiga hesabu, hukuta amelipia gunia na nusu. Umaskini nao una gharama zake.

Mama alishona nguo za watu mle mle chumbani. Jumapili alikuja bwana mmoja mwenye duka la nguo, akazungusha gurudumu la cherehani, akataja bei, akasema atarudi Jumamosi. Alipoondoka, mama alimwambia baba kwa sauti ya chini kwamba mkaa, chakula na dawa za mguu vinakula zaidi ya sindano inavyoingiza.

"Tutakula cherehani mwezi mmoja," baba alisema. "Kisha tutakula nini?"

Waziri alisikia yote. Pazia huzuia macho, halizuii maneno.

Akaanza kubana matumizi. Sabuni aliikata vipande, taa akaizima mapema. Haikusaidia. Kila jioni kopo la mkaa liliisha maharage yangali magumu kama kokoto, naye akatumwa kununua jingine. Muuzaji wa mkaa akamuuliza kama kwao wanapika maharage au wanafua vyuma.

Baada ya maharage, jiko liliachwa lizimike. Kisha liliwashwa upya, kwa mkaa mwingine, ili kuchemsha maji ya kunywa. Jumatatu Waziri aliyatazama maji ya bomba ndani ya sufuria. Yalikuwa meupe, hayana hata kijiti. Akayamimina kwenye ndoo ya kunywa vilevile yalivyo, akafunika. Mama alipouliza kama yamechemka, alijibu kwamba yameshapoa hata.

Mkaa ukabaki. Mama akashangaa, akauliza kama siku hizi muuzaji ameanza kujaza kopo kwa huruma. Waziri akacheka naye, huku akiifunika vizuri zaidi ndoo ya maji.

Jumatano usiku mdogo wake alianza kuharisha. Huyu alikuwa na miaka miwili na kila mtu alimwita Bosi, maana kutwa alitoa amri. Alhamisi mchana macho yake yalikuwa yamedidimia, na Bosi hakuamuru kitu chochote. Mama alimbeba mgongoni akakimbia naye zahanati. Waziri akabaki na baba. Mmoja hakuweza kutembea, mwingine hakuweza kusema. Wakakaa wakiutazama mlango.

Mama alirudi jua likizama. Bosi alikuwa amepewa maji ya chumvi na sukari na dawa, sasa amelala. Malipo ya magauni mawili yalikuwa yameishia huko.

"Muuguzi aliniuliza kuhusu maji," mama alisema huku akimlaza mtoto. "Nikamwapia kwamba kwetu yanachemshwa kila siku."

Waziri alisogea, akasimama mbele ya ndoo ya kunywa.

"Mama, hayakuchemshwa. Tangu Jumatatu. Nilikuwa naokoa mkaa, ili yule bwana asichukue cherehani."

Mama alikaa kitandani polepole. Hakumpiga, wala hakumgombeza. Aliinuka, akaimwaga ile ndoo uani. Waziri angeona afadhali kuchapwa.

Ijumaa alifika shangazi, dada yake baba, mpishi wa shule ya bweni. Alikuja kumwona mgonjwa mmoja, akakuta wawili. Alisikiliza habari yote, kisha akaenda kulitazama jiko. Lilikuwa mlangoni, linapigwa na upepo, na sufuria juu yake haina mfuniko.

"Wifi, humu mnapika maharage au mnaupasha mtaa moto?"

Mama alieleza, kwa aibu kidogo, kwamba mfuniko uling'oka kishikio, Bosi akaufanya usukani wa gari. Shangazi akautoa uvunguni, akauosha. Jioni hiyo aliloweka maharage, akasema yatalala humo mpaka asubuhi.

Jumamosi alilisogeza jiko nyuma ya ukuta, akayafunika maharage kwa usukani wa Bosi, jiwe dogo juu. Yaliiva mkaa ukiwa bado mwekundu. Waziri alikuwa anageuka aondoke, kama siku zote.

"Unakwenda wapi, mwanangu? Lete sufuria ya pili."

Waziri akabandika maji ya kunywa palepale. Hawakuongeza hata kipande cha mkaa. Yakachemka, yakaruka mapovu makubwa.

Yule bwana wa duka la nguo alifika, akaondoka mikono mitupu. Baba alikuwa amekwisha kumwita muuza mboga na kumuuzia baiskeli aliyokuwa akiendea kazini. "Mimi nina mguu mmoja, baiskeli ina pedali mbili," alisema. "Tungegombana." Hakuna aliyecheka sana. Waziri alimwona akiisindikiza kwa macho mpaka ikakata kona.

Shangazi akamkalisha Waziri kando ya jiko. "Kubana matumizi si kukata kila unachokiona. Kata kinachopotea bure, kama moto huu mliokuwa mnauacha ufe. Kinacholinda uhai usikiguse. Na mzigo ukikuzidi, useme. Humu ndani watu wazima wapo, hata kama mmoja ana plasta."

Waziri akauliza, akitazama chini, kama bado ni Waziri.

"Bado," baba alijibu kutoka ndani. "Lakini bajeti yako ipite bungeni kwanza."

Cherehani ikaanza kuunguruma. Kitandani Bosi aliamka, akaanza kulia kwa nguvu akidai usukani wake, na usukani ulikuwa jikoni, juu ya sufuria ya pili, ukitetemeka kwa mvuke.