Ncha ya Sindano

Kila Jumamosi, Kobe na kaka yake Mwewe walimsaidia shangazi yao, fundi cherehani. Majina hayo aliwapachika yeye mwenyewe. Mwewe alitupa jicho mara moja tu akajua chumba kizima kimekaaje. Kobe alipotazama kitambaa, alikipitia ua kwa ua, mpaka watu wakachoka kumsubiri.

Siku hiyo shangazi alikuwa akimalizia gauni la mtoto mchanga, la maua madogo ya bluu yenye mabua ya kijivu; kofia yake ya kitambaa hichohicho ilikuwa mezani. Mama wa mtoto alisubiri kwenye benchi, mwanawe mapajani. Ghafla, kach! Sindano ya cherehani ikakatika.

Shangazi alikichomoa kipande kilichobaki, akakiweka kwenye kisahani. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya duka lake: nguo haitoki mpaka vipande vya sindano vikutane kisahanini.

"Ncha haipo," alinong'ona. "Itafuteni, wanangu. Ikimchoma yule malaika..."

Mwewe alilikung'uta gauni, akaliinua kwenye mwanga. "Hamna kitu, shangazi."

"Umeangalia, au umelipungia mkono?" Kobe akauliza.

"Haya, tafuta wewe. Chakula cha mchana tutakula kesho."

Kobe alilivuta gauni kwake. Alipapasa pindo, kwapa na kola, mshono baada ya mshono. Mtoto akaanza kulia.

"Fundi, bado tu?" mama aliuliza.

Kobe alizidi kupapasa. Alifika mwisho, akarudia tena. "Humu haimo," alisema, machozi yakimlengalenga.

Mwewe alirudi nyuma hadi ukutani, akaitazama meza yote: mkasi, nyuzi, vifungo, gauni. Kuna kitu kimepungua.

"Kofia!" akapiga kelele. "Kofia ya gauni iko wapi?"

Wote wakageuka. Walipokuwa wameinamia gauni, mama alikuwa ameichukua mezani ili aijaribu. Sasa alikuwa akiisogeza kichwani mwa mtoto.

"Usimvalishe!" Shangazi alimrukia, akaipokonya.

Mwewe aliigeuza kofia huku na huku. Maua yalimchanganya. "Sioni chochote. Kobe, shika wewe."

Kobe aliikunja taratibu, ua baada ya ua. Karibu na kamba ya kufungia, akasimama. "Bua hili halipindiki," alisema.

Halikuwa bua. Ilikuwa ncha ya sindano. Ilipoanguka kisahanini, mama alimkumbatia mwanawe.

Shangazi aliketi. "Mwewe, wewe unaona meza nzima. Kobe, wewe unaona uzi mmoja. Hakuna kosa hapo. Kosa ni kumcheka mwenzako kwa sababu haangalii kama wewe. Leo, kama ningekuwa na mmoja wenu tu..."

Alimtazama mtoto.

Mwewe alimsogelea dada yake. "Twende tukale," alisema kwa upole. "Na leo, kula polepole utakavyo. Nitakusubiri."