Kiti cha Tatu Kando ya Moto

Kui alianza kunuka moshi wa kuni siku ya Jumatatu, na kwao Kibomet walipikia gesi.

Mamake, Waruguru, hakuuliza. Msichana wa miaka kumi na sita akinuka moshi, afadhali uwe wa kuni. Isitoshe, Kui ndiye aliyemsaidia kuendesha kibanda cha gemu, ambako vijana walivaa miwani mikubwa ya VR wakajikuta kambini, usiku, kando ya ziwa, kama kwenye anime fulani ya Kijapani: hema, moto, viti viwili na msichana wa katuni akichemsha supu. Hakuna adui, hakuna risasi. Ni kuota moto tu. Vijana hao hao, wakitumwa kuwasha jiko nyumbani, hununa.

Jumatano Kui akasema, "Mathe, kuna kiti cha tatu."

"Si wameongeza. Hizo vitu huwa zinaongezwa."

"Kuna mtu amekikalia. Alipiga hodi nyuma ya hema, nikamwambia karibu."

"Na ungemwambia nini? Ati nimekulea vibaya?"

Ijumaa, saa sita mchana, Waruguru alimkuta Kui chini kwenye sakafu ya kibanda, miwani usoni. Alipoivua, macho ya binti yake yalikuwa wazi, hayapepesi, na ndani ya kila jicho moto mdogo uliendelea kuwaka. Viatu vyake vilikuwa vimelowa umande. Hospitalini vipimo vyote vilisemekana kuwa sawa. Pasta alikuja, akakemea kwa kipaza sauti, akanywa chai vikombe viwili, akawaambia waendelee kuamini. Mwili wa Kui ukaendelea kupoa.

Waruguru alikuwa amewacheka waganga maisha yake yote. Jumapili alikodi gari, akamlaza Kui kiti cha nyuma, miwani kando yake, akaenda mpaka Sirisia, upande wa Bungoma, kwa Wilkista, karani mstaafu ambaye watu walimtaja kwa kunong'ona.

"Hilizi sina," Wilkista alisema kwa lafudhi ya kwao, akigusa shingo baridi ya Kui. "Nani alimkalibisha?"

"Mtoto. Ilikuwa adabu tu, mama."

"Basi si mwizi tena, ni mgeni. Mgeni hafukuzwi, anasindikizwa. Vaa hiyo miwani. Mfikishe njiani, umuage, uludi. Na hilo neno la kukalibisha lisiwatoke tena."

"Na nikishindwa?"

"Huyu hafiki jioni."

Waruguru akavaa. Kui alikuwa pale kando ya moto, na sweta yake ya shule, na kwenye kiti cha tatu alikaa mtu aliyewapa kisogo. "Mgeni wetu," Waruguru alisema, "giza limeingia, wacha nikusindikize." Yule mtu akainuka, akaendelea kuinuka, mpaka kichwa chake kikapotea kwenye matawi, nao wakaandamana msituni, yule mgeni akinuka majivu yaliyomwagiwa maji, kila hatua yake ikitoa mlio wa makaa yanayopasuka, na Waruguru akihesabu miti ili asipige mayowe, hadi njia nyeupe ikajitokeza.

"Haya. Salimia watu wenu."

Hapo akasikia, mbali, kana kwamba nyuma ya ukuta, Kui akikohoa. "Mathe?"

Waruguru akageuka akakimbia, akilia, akicheka, na nyuma yake makaa yakaanza tena kupasuka, taratibu, bila haraka, na sauti ya upole ikamwinamia kutoka juu ya miti:

"Mama Kui, utarudi peke yako giza hili? Wacha na mimi nikusindikize."

Akaing'oa miwani. Mchana. Kui alikuwa mapajani mwake, wa moto, akipepesa macho.

"Hodi," mtu akasema mlangoni, kwa upole.

Kui akafungua kinywa. Waruguru akamziba kwa viganja vyote viwili, akamshikilia hivyo, bila kupumua.

Wilkista alikuwa amewapa mgongo, akiwamiminia chai. Aliitika kwa mazoea ya miaka sitini, bila hata kugeuka:

"Kalibu!"