Swali la Tisa

Kila asubuhi ya baridi mwaka ule wa 1949, Irmtraud alikwenda shule na kipande cha makaa ya mawe kilichofungwa gazetini. Asiyeleta makaa alikaa mbali na jiko. Ndiyo Ujerumani ya baada ya vita.

Siku moja darasani, karibu na jiko, alisimama Bi Ohlendorf, mwanamke mwembamba mwenye viatu vya kiume. Yeye ndiye wa kwanza mjini kwao kuwaomba Wamarekani, maadui wa jana, wapokee watoto wa Kijerumani kwa mwaka mmoja wa masomo. Watu walimcheka. Yeye akazidi kuendesha baiskeli, shule hadi shule, fomu mkobani.

Irmtraud, msichana wa miaka kumi na minne, aliiota safari hiyo kila siku. Tatizo lilikuwa swali la tisa: Je, baba yako alikuwa katika chama cha Hitler?

Baba alikuwa mjumbe wa chama mtaani. Jana yake Mama alisema, "Andika hapana. Tumejaza fomu ngapi tangu vita viishe? Msema kweli ndiye anayelala njaa, mwanangu." Baba akatia sahihi bila kuinua macho.

Sasa Bi Ohlendorf alipekua fomu. "Akina baba thelathini na mmoja, na chamani hakuwamo hata mmoja! Haya, chama kile kilikuwa cha paka?"

Gisbert, mwanafunzi mwenzake Irmtraud, alicheka, akajikuta anacheka peke yake.

"Anayetaka fomu mpya, hizi hapa."

Irmtraud alinyoosha mkono, akachukua mpya, na kwenye swali la tisa akaandika Ndiyo.

"We mjinga!" Gisbert alimnong'oneza. "Utabaki hapa na viazi vyako."

Nyumbani Mama alipiga kelele, "Umetumaliza!" Irmtraud hakuwa na la kufanya; bila sahihi ya Baba, fomu ni karatasi tu. Ikalala mezani siku mbili. Siku ya tatu Baba aliivuta, akaisoma Ndiyo ile. Akatia sahihi.

Kisha kungoja. Februari ikapita, Machi ikapita. Jina la Gisbert likaitwa kati ya watakaosafiri. "Si nilikuambia?" Gisbert alimwambia. Irmtraud alilia, uso kwenye mto, hana wa kumwendea.

Aprili Bi Ohlendorf alikuja mwenyewe, ana barua. Ilitoka Marekani, kwa wazazi ambao kijana wao hakurudi kutoka vitani. Waliandika: "Tumesoma fomu nyingi. Huyu ndiye tunayeweza kumpa chumba cha mwanetu."

Baba alijifunika uso kwa mikono. Mama akasema taratibu, "Na mimi ndiye niliyemfundisha uongo."

"Ulimfundisha woga, mama, kama sisi sote," alijibu Bi Ohlendorf. Akamgeukia Irmtraud. "Uongo nao ungeweza kukufikisha kule, binti yangu. Lakini ungekaa nao mezani kila siku, ukiogopa watu wanaokupa chakula. Ukweli umekuchelewesha na umekuliza. Sasa nenda, ule kwa amani."