Rangi ya Mwenyewe

Duka la rangi lilikuwa limefurika watu hadi mlangoni, kila mmoja akipaza sauti ili ahudumiwe yeye kwanza. Katikati ya vurugu hizo, mwanamke aliyevaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa alikuwa akibishana na muuzaji juu ya kipande cha bati alichokifunga kwenye kitambaa.

"Dada, hii ni bluu. Chukua bluu, nenda."

"Bluu ipi? Hapo nyuma yako naona bluu chungu nzima."

Fundi rangi wa magari alikuwa nyuma yake, ovaroli yake imeshika kila rangi aliyowahi kupuliza. Alishindwa kunyamaza. "Ukiichagua humu chini ya taa, utajuta huko nje. Toka nayo juani kwanza."

Mwanamke akageuka, akampima toka juu hadi chini. "Mimi mshonaji, bwana. Najua hata uzi hauchaguliwi gizani. Wewe hizo nguo ulizichagulia wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, na moyo wake ukawa umeshakwenda.

Kile kipande kilikuwa mfuniko wa tangi la mafuta. Gari lenyewe fundi aliliona kesho yake, alipoitwa uani kwao mshonaji: gari la zamani, pua ndefu, taa za mviringo, bluu yake imepaushwa na jua mpaka ikafanana na shati lililofuliwa miaka nenda rudi. Mkokoteni ulikuwa umeuparua mlango wa abiria. Ndani, kwenye kiti cha mbele, alikaa mama mtu mzima aliyevaa vizuri, mkoba mapajani.

"Shikamoo, mama," fundi alisema.

"Marahaba. Dereva anakuja sasa hivi."

Mshonaji alimvuta fundi pembeni. "Anamsubiri baba. Kila alasiri anavaa, anaingia, anasubiri. Tangu tumzike, akili yake haijatulia. Nikimwambia baba amekufa, analia upya kama msiba ni wa leo. Siku hizi simwambii."

Fundi alisema mkwaruzo ule ni kazi ndogo. Lakini aliivuta kazi hiyo kwa makusudi, mara aje kupima, mara aje kutazama tena, na jioni zikajaa simu.

"Bi Sindano, umekula?"

"Nimekula, fundi wangu wa madoa. Wewe?"

"Mimi nashiba sauti yako."

"Basi utakonda, maana nakata simu."

Hakukata. Walizungumza hadi masikio yakapata moto, wakafika hata kwenye habari za kuoana, kwa utani kwanza, kisha bila utani.

"Kesho nalichukua gari," fundi alimwambia siku moja. "Niweke rangi gani, mpenzi?"

"Rangi ya mwenyewe," alijibu, cherehani ikinguruma kando yake. "Usinibadilishie. Nataka rangi ya mwenyewe."

"Umeipata."

Kwenye gereji aliugeuza ule mfuniko. Upande wa ndani haukuwahi kuona jua, na bluu yake ilikuwa nzito, inang'aa. Hii ndiyo rangi aliyoinunua mwenyewe, yule marehemu, fundi alijiambia. Angeweza kuugusa mlango tu akamaliza, lakini kwa mwanamke yule kiraka aliona ni zawadi ndogo mno. Aliuacha mfuniko dukani wachanganye kwa kuufuata upande wa ndani, akapiga msasa gari zima, akalipuliza upya. Alipomaliza, mafundi wenzake waliacha kazi zao wakaja kujitazama kwenye milango.

Alilirudisha alasiri, honi juu. Mshonaji alitoka mbio, futi ya kupimia shingoni, akasimama kama aliyepigwa kofi. Nyuma yake akatoka mama na mkoba wake. Alilizunguka gari lote bila kuligusa.

"Wageni hawa wametoka wapi?" aliuliza. "Mbona mume wangu hajaja na gari letu?"

Akafungua geti, akaenda kusimama barabarani.

"Umefanya nini?" mshonaji alimgeukia fundi.

"Si ulisema rangi ya mwenyewe? Mwenyewe alilinunua hivi!"

"Mwenyewe aliliacha vile! Nikishona kiraka kwenye suruali kuukuu, kitambaa nakitafuta kilichochakaa vilevile. Nilidhani wewe ndiye mtu mmoja usiyehitaji kuelezwa hilo."

Fundi alimwekea ufunguo mkononi. Aliondoka kwa miguu.

Simu zake hazikupokelewa. Akipita mtaa ule, alimwona mama kando ya barabara, akichungulia kila gari linalopita, binti yake amemshika mkono kumbembeleza arudi. Kisha mvua zikaanza, na siku moja kando ya barabara pakawa patupu. Jirani akamwambia mama yuko kitandani, kifua kinambana. Fundi alijiona muuaji.

Ndipo alipoukumbuka mfuniko. Ulikuwa bado dukani, na upande wake wa nje haukuguswa. Bluu ya marehemu ilibaki pale tu, ukubwa wa kiganja cha mkono.

Akaanza kuichakaza bluu mpya: nyeupe, tone la nyeusi, manjano kidogo mno. Alipuliza kwenye bati, akaacha likauke, maana rangi mbichi ni mwongo, akalitoa juani kulilinganisha na mfuniko. Ikakataa. Akachanganya tena, bati baada ya bati, hadi alipoviweka viwili pamoja akashindwa kuona mpaka.

Safari hii simu ilipokelewa.

"Nipe mlango mmoja tu," alisema. "Ule anaoingilia yeye."

Cherehani ikasimama. "Njoo," mshonaji akasema.

Aliupuliza palepale uani, na ulipokauka akausugua kwa msasa laini mpaka ukafifia. Alipomaliza, mama aliletwa ameshikwa kwapani, mwepesi, gauni linampwaya. Aliipita bluu inayong'aa kana kwamba haipo. Mbele ya mlango ule akasimama, akaulaza mkono juu yake. Kisha akaingia, akaweka mkoba mapajani.

Mshonaji alijifuta macho kwa ukingo wa khanga.

"Nimemrudishia kusubiri tu," fundi alisema. "Nisamehe."

"Barabarani alikuwa anatafuta. Kutafuta kulikuwa kunamuua." Alimgeukia. "Nakupenda, fundi. Ila siwezi kuolewa nikamwacha hivi. Na siwezi kuomba aondoke haraka ili niolewe."

Kabla fundi hajajibu, kioo kilishuka.

"Kijana, ukimwona mume wangu, mwambie nimeshakaa."

"Nitamwambia, mama."

"Na kama una haraka, nenda zako."

Fundi alimtazama mshonaji. Akavuta kopo tupu la rangi, akaligeuza, akaketi kando ya mlango.

"Sina haraka, mama," alisema. "Na mimi nasubiri."