Risasi ya Nne Kwenye Kibao

Kilichomsumbua fundi ni kwamba alama ilikuwa nzuri mno. Risasi inapogoma, ukitazama kitako chake utakuta kialama hafifu, kama cha msumari uliogongwa na mtu mwenye njaa. Hapo unajua springi imechoka au pini imejaa uchafu. Unasafisha, unabadilisha, kazi imekwisha. Lakini hii ilikuwa na kishimo cha kina, katikati kabisa. Ilipigwa sawasawa, na haikulia.

Mlinzi mkuu wa ghala ndiye aliyeileta bastola ile, imefungwa kwenye taulo.

"Mgonjwa wako ana jeuri," fundi alimwambia baada ya kusikia habari zake.

"Ndiyo maana nimekuletea wewe. Leo inalia, kesho inanuna. Mwizi akija nimwambie asubiri kidogo?"

"Umeipata wapi?"

"Ni iliyotumika. Nimeachiwa." Mlinzi alitazama mlangoni. "Itengeneze tu, fundi wangu."

Alipoondoka, fundi aliifungua yote juu ya meza. Alisugua kijia cha pini kwa brashi, akabadilisha springi, akafuta mafuta yaliyoganda. Kisha akaenda nyuma ya karakana, penye pipa la mchanga, akajaza risasi nane mpya kutoka boksi lake mwenyewe.

Ya kwanza ililia. Ya pili ilisema ti, ikanyamaza.

Sasa, kazi hii ina sheria. Risasi iliyogoma inaweza kulipuka kwa kuchelewa, kwa hiyo unashikilia mtutu mchangani na kuhesabu thelathini kabla ya kuitoa. Mzee aliyemfundisha alimzoesha kuhesabu kwa istighfari, kumwomba Mola msamaha, astaghfirullah thelathini kamili. "Kwa sababu hujui kama utazimaliza," alikuwa akimwambia. Fundi alifuata hivyo kwa miaka, kisha akaacha, wala hakumbuki ni lini. Akabaki anasubiri tu, mkono mchangani, akili inazurura inakotaka. Tusimcheke. Wangapi tunasujudu huku tunawaza kiatu tulichoacha mlangoni? Mimi ni mmoja wao.

Basi mara ile, ya kwanza kugoma, alikuwa na kiu, akaliwaza birika la chai nyumbani kwake. Ilipogoma mara ya pili, redio ya kinyozi jirani ilikuwa inapiga kelele, akaiwaza kwa hasira. Ilipogoma ya tatu, mbwa wa kinyozi alikuwa anabweka, akamuwaza huyo. Ilipogoma ya nne, akatabasamu peke yake.

Nne zililia, nne ziligoma. Zilizogoma alizisimamisha kwenye kibao chenye matundu, kwa mpangilio wake, kama alivyozoea, akaziacha dirishani.

Kesho yake mchana mke wake alimwita jikoni.

"Baba watoto, njoo unuse birika lako. Tangu asubuhi linanuka fataki."

Alinusa. Haikuwa fataki, ilikuwa baruti, harufu aliyoijua kuliko manukato. Birika lilikuwa tupu na jiko limezimwa. Aliliweka chini ili aende kunawa, na kabla hajafika mlangoni ulisikika mlio mmoja, mkavu, uliotikisa vikombe kabatini. Birika lilikuwa na tundu ubavuni, na kingo za bati zilikuwa zimepinda kuelekea nje.

"Limetobolewa kutoka ndani," fundi alisema polepole.

"Labda limechoka kumchemshia mtu asiyesema asante," mke wake alisema, akacheka, lakini mkono ulikuwa umeshika kifua.

Fundi alirudi karakana mbio. Kwenye kibao, risasi ya kwanza ilikuwa ganda tupu. Kichwa chake hakikuwapo, na ndani palikuwa peusi na pa moto bado. Tatu zilizobaki zilikuwa nzima.

Siku iliyofuata redio ya kinyozi ilipasuka mteja akiwa amenyolewa nusu kichwa. "Jana nzima inanuka baruti," kinyozi alilalamika, "nikadhani ni huyu jirani yangu na vitu vyake. Fundi, umenifanyia uchawi kwa sababu ya taarabu?" Watu walicheka. Fundi hakucheka. Alikwenda kutazama kibao, akakuta ganda la pili tupu.

Siku ya tatu ikawa zamu ya mbwa. Asubuhi alikuwa akihema harufu ya baruti kila anapofungua kinywa, na adhuhuri alilala kizingitini kama anayeota jua, ukasikika mlio uliozibwa, kama mlango unaofungwa chini ya maji. Kinyozi alimgeuza na kumpapasa akitafuta palipoingia risasi. Hakupata. Alipata palipotokea tu.

Fundi hakuhitaji kwenda kutazama kibao, lakini alikwenda. Ilikuwa imebaki ya nne, imesimama peke yake, kichwa chake cha shaba kinang'aa dirishani. Hapo ndipo alipokaa chini sakafuni, kwa sababu alikumbuka vizuri, wala hakuhitaji kujikaza kukumbuka, kwamba siku ile ya majaribio asubuhi mke wake alimshonea kifungo cha shati akiwa amelivaa tayari, na kwa kuwa mkasi ulikuwa mbali aliinama akaukata uzi kwa meno, pumzi yake ikamgusa shingoni, na pale kwenye pipa, ile risasi ya nne ilipogoma na yeye akasubiri bila kumtaja Mola wake, alikuwa anaiwaza pumzi ile.

Alimfuata mlinzi ghalani, akamvuta nyuma ya magunia.

"Niambie kweli. Nani alikuachia?"

"Sema taratibu, fundi." Mlinzi alichungulia juu ya magunia. "Kaka yangu. Alikuwa analalamika vilevile, kwamba haiaminiki. Kisha akafa mama yetu, wiki hiyohiyo akafa shemeji. Daktari aliniuliza risasi iliingilia wapi."

"Na kaka yako?"

"Hakula tena mpaka alipozikwa."

"Ukaniletea mimi!"

"Nilidhani ni springi, wallahi." Akainamisha kichwa. "Hapana. Nilitaka iwe springi. Nisamehe."

Ijumaa baada ya swala, fundi alimleta shehe karakana na kufunga mlango. Shehe hakuwa mtu wa makuu. Aliomba beseni la maji, akayasomea, akaizamisha bastola. Fundi, hata katika hofu ile, moyo ulimshtuka kwa ajili ya kutu.

"Ulipokuwa unasubiri," shehe aliuliza, "ulikuwa unasema nini?"

"Sikuwa nasema kitu, shehe."

"Basi uliacha mlango wazi."

Akaanza kusoma, sauti ya chini, isiyokatika. Maji yakapata joto, mvuke ukapanda, chumba kizima kikajaa baruti hata macho yakawawasha, na kutoka kwenye mtutu uliozama, pamoja na mapovu, ikaja sauti kama ya mtu anayesemea ndani ya bomba refu, sauti isiyo na hasira, iliyochoka kidogo, kama ya mtu anayesumbuliwa kazini.

"Mimi ni mchukuzi. Nalala mle ndani. Akitaja moyoni, napeleka."

"Hakukutuma," shehe alisema.

"Alivuta, akawaza. Kwetu huko ndiko kutuma."

"Alikuwa anawaza kwa mapenzi!" Ilimtoka fundi bila kutaka.

Mapovu yalikoma, kisha yakarudi. "Sijui tofauti yake. Naona anayewazwa tu."

Shehe akapandisha sauti. "Toka, kwa jina la aliyekuumba wewe na sisi. Na hiyo ya nne irudishe."

"Nitatoka. Ya nne imeshatoka."

Maji yakapoa ghafla, kama mtu aliyekata kauli. Shehe alisoma tena mpaka jasho likamlowesha kanzu, lakini hakuna aliyejibu, na bastola ilikuwa chuma tu ndani ya beseni.

"Ya nne ulimuwaza nani?" shehe akanong'ona.

"Sikumbuki," fundi alisema.

Alimdanganya shehe, siku ya Ijumaa, udhu wake haujakauka. Alihisi kwamba akilitamka jina atakuwa amelipeleka mwenyewe mara ya pili. Shehe akamwombea, akaondoka.

Mlinzi alipokuja, waliijaribu kwenye pipa. Ilipiga nane kwa nane, na nyingine nane, bila kusita. "Sasa inaaminika," mlinzi alisema, lakini aliishika kwa ncha za vidole, na hakumwangalia fundi usoni.

Kuanzia hapo fundi hakutoka nyumbani. Ile risasi ya nne aliiweka mfukoni, akawa anaipapasa kila baada ya muda. Mke wake alidhani anaumwa. Fundi alikuwa akimfuata jikoni, uani, mpaka mlango wa bafu.

"Wewe baba watoto, umerudia ujana? Nenda kazini, utanikanyaga."

"Nipo tu."

"Upo tu kama deni." Akacheka. Kisha akamkagua. "Ona kifungo hicho, umekifikicha mpaka kimelegea tena. Nilikishona juzijuzi tu. Simama hapa kwenye mwanga."

Alitamani kumkinga, lakini atasimama upande gani? Angeziba dirisha, angeziba mlango, angemfunika kwa mwili wake mzima, na kinachokuja hakiji kutoka nje. Hakuwa na la kufanya ila lile alilofundishwa tangu mwanzo, basi akaanza, midomo ikicheza bila sauti, astaghfirullah, moja, astaghfirullah, mbili, huku sindano ikipita na kurudi kifuani pake na mke wake akiimba wimbo wa watoto puani, na alipofika kumi na saba akahisi mfukoni, kwenye paja, shaba inaanza kupata joto.

"Unahesabu nini?" mke wake aliuliza.

Fundi hakukata hesabu. Akaendelea, kumi na nane, kumi na tisa. Mke wake alifunga fundo, akatazama huku na huku akitafuta mkasi, akatabasamu, akainama shingoni mwa mumewe ili aukate uzi kwa meno.

Pumzi yake ilikuwa inanuka baruti.