Gobore Lililolishwa kwa Nyuma

Kila mwaka miti ya Krismasi inapoanza kukatwa, Orrin Maddox hana nafasi hata ya kujikuna. Anafunga miti, anapakia lori, anaipeleka mjini, anarudi kufunga mingine. Na wiki hizo hizo ndizo msimu wa bunduki za kawaida, wakati majirani zake wote wa vilima vya Apalachia, Marekani, wako porini na makoti yao ya rangi ya chungwa, wakiwinda kulungu. Kwa hiyo Orrin na mkewe, Twila, hutegemea msimu wa gobore. Huo huja mara mbili: wiki moja mwezi wa Oktoba, na wiki nyingine baada ya Krismasi. Nyama ya hapo ndiyo wanayokula na maharage na mkate wa mahindi mpaka majani yachipue tena.

Mwaka ule vidole vya Orrin vilianza kumsumbua. Baridi ikiviuma, vinatetemeka. Akimimina baruti kwenye mdomo wa gobore, nusu inaingia, nusu inamwagikia buti. Basi Garland, mdogo wake Twila, mwenye duka la bunduki mjini, akamletea gobore jipya.

"Shemeji, hilo lako liache likapumzike," alisema. "Tazama hili. Risasi unaishindilia kwa mdomo kama kawaida. Lakini baruti imeshapimwa kiwandani, imo ndani ya hiki kikopo cha plastiki. Unafungua huku nyuma, unakichomeka, unafunga. Kwisha kazi."

"Na askari wa wanyamapori atasemaje?" Orrin akauliza.

"Aseme nini? Ni gobore. Soma boksi. Hata zile karatasi za serikali za kununulia bunduki halihitaji."

Oktoba ilipofika, Orrin aliangusha dume nono siku ya kwanza. Nyumbani Twila alikuwa ameshanoa visu na kutandika meza. Akasikia gari. Akamwona mumewe anashuka mikono mitupu.

"Nyama iko wapi?"

"Pruitt kaichukua. Na bunduki pia."

Pruitt ndiye askari wa wanyamapori wa eneo lile.

"Kaichukua kwa lipi?"

"Anasema lile si gobore. Napelekwa kwa hakimu. Naweza kufungiwa leseni ya kuwinda miaka mitatu."

Twila alikitupa kisu kwenye sinki mpaka maji yakaruka. "Miaka mitatu. Halafu sisi tule nini, Orrin? Majani ya misonobari?"

Orrin akaanza kuvua buti, na hilo likamchoma Twila zaidi. Akavuta koti, akaenda kwa jirani yao, Bibi Imogene, anayewafundisha wawindaji wapya kwenye ukumbi wa zimamoto.

"Nimekuja unisaidie kumtukana Pruitt," Twila alisema kabla hajafunga mlango.

"Keti kwanza. Matusi hayaozi. Hilo gobore linajazwaje?"

Twila akamweleza. Bibi Imogene akatikisa kichwa.

"Mwanangu, unajua kwa nini tuna msimu wa gobore?"

"Kututesa."

"Sikiliza. Gobore linapiga mara moja. Ukikosa, mpaka umimine baruti, ushindilie risasi upya, kulungu kashavuka mto. Mnyama anapata nafasi yake. Ndiyo maana wenye magobore wakapewa siku zao peke yao, bunduki za haraka zikae pembeni. Sasa viwanda kila mwaka vinaleta kitu kipya, na kila kipya ni chepesi kuliko cha jana. Kila jimbo linabaki kujiuliza, hili nalo bado ni gobore? Jimbo la jirani wamesema ndiyo. Kwetu kanuni inataka baruti na risasi, vyote viwili, vipite mdomoni. La Orrin linakula baruti kwa nyuma."

"Lakini Garland anayauza bila karatasi."

"Sheria ya kuuza ni moja, ya kuwinda ni nyingine. Ya kuuza inasema nani anunue, na kwa karatasi gani. Ya kuwinda inasema uingie porini na nini, lini. Kitu kinaweza kuwa halali dukani kikawa haramu porini. Na kanuni hubadilika. Boksi limeandikwa na anayetaka ununue. Ofisi ya wanyamapori ndiyo ya kuulizwa, kila mwaka, kabla ya msimu."

Twila akasema, "Kwa hiyo Pruitt yuko sawa."

"Yuko sawa."

"Basi hasira hizi nizipeleke wapi?"

"Si una ndugu mjini?"

Alipofika dukani, Garland alikuwa anamwonyesha mteja bunduki ile ile, kwa maneno yale yale.

"Garland, piga simu ofisi ya wanyamapori."

"Dada, nina mteja."

"Namwona. Naye asikie. Piga, weka spika."

"Unaniaibisha dukani kwangu."

"Mimi friza langu tupu, wewe unalia aibu. Piga."

Garland akapiga. Sauti ya mwanamke ikajibu taratibu: hapana, kwa kanuni za jimbo hili bunduki hiyo haikubaliki msimu wa gobore. Itumike msimu wa bunduki za kawaida. Mteja aliiweka bunduki juu ya kaunta polepole, akaondoka.

"Sikujua, dada," Garland alisema.

"Hukuuliza. Sasa utakwenda kumwambia hakimu hivyo hivyo."

Alikwenda, kavaa tai. Alisema mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyempotosha shemeji yake. Hakimu akamtoza Orrin faini, akamwachia leseni. Garland naye akaziondoa bunduki zile kwenye rafu ya magobore, akazitundika upande wa bunduki za kawaida, na kubandika ukutani karatasi kubwa inayoeleza sababu.

Ikabaki shida ya vidole. Bibi Imogene akawaonyesha njia: pima baruti nyumbani, mezani, uitie kwenye vichupa vyenye kizibo, kila kichupa mpigo mmoja. Porini unamimina kwa faneli kupitia mdomo. Safari hii Twila alipiga simu ofisi ya wanyamapori mwenyewe kwanza. Akaambiwa inaruhusiwa.

Baada ya Krismasi, theluji ikiwa chini, Orrin akatoka na gobore lake la zamani, Twila nyuma yake. Wakavizia asubuhi yote. Jike likatokea kwenye miti ya mialoni. Gobore likalia, moshi ukafunika kila kitu, na moshi ulipopungua, jike lilikuwa chini.

Pruitt aliusikia mlio, akapanda kilima. Akaligeuza gobore, akalikagua nyuma na mbele.

"Baruti ilipita wapi, bibie?"

"Mdomoni. Kama uji wako wa asubuhi."

Pruitt akacheka, akamrudishia Orrin gobore. "Hapa hakuna neno. Nendeni mkale."

"Tutakula," Twila alisema, bado kanuna. "Na wewe usisimame hapo kama nguzo. Shika mguu huo, mume wangu vidole vinamuuma."

Pruitt akashika. Wakaanza kumburuta kulungu kuteremka kilima, Twila mbele.